Kati ya Mwiko na Patakatifu

Siku mliyoniaga kazini, wakalimani wenzangu, mmoja wenu alinishika mkono akasema nisiondoke na kila kitu kichwani. Nilicheka, kwa sababu kichwa cha mkalimani hakibaki na kitu. Maneno ya watu yanaingia sikioni yanatokea mdomoni, na jioni unarudi nyumbani mtupu kama debe. Lakini lipo shauri moja ambalo halikutoka. Humo nilikosea neno moja, na kosa lile lilinifunza kuliko miaka yote niliyopatia. Nitaanza nilivyoingia kazini, maana bila aliyenifundisha nisingejua hata kwamba nimekosea.

Mimi ni mtoto wa mjini. Babu wa babu yangu alifika Dodoma na misafara ya biashara, akabaki. Sisi wajukuu tumekua tukienda madrasa jioni na kupima vitambaa dukani asubuhi. Kigogo nilikipatia Mlali, upande wa Kongwa, kwa rafiki wa mama aliyekuwa akituletea karanga. Kila likizo nilipelekwa kwake. Kule nilijifunza kuswaga ndama, kupika mlenda, na kunyamaza watu wazima wanapozungumza. Hilo la mwisho ndilo lililonifaa kazini kuliko yote.

Siku ya kwanza nilifika kwenye baraza la ardhi na kamusi nene kwenye mkoba. Mkalimani mkuu alikuwa Mzee Yohana, Mgogo mrefu mkavu, aliyekuwa mwalimu wa dini vijijini kabla ya kuajiriwa kwenye mashauri ya ardhi. Nikamwamkia, akaitikia, akautazama mkoba.

"Hilo la nini?"

"La maneno nisiyoyajua, mzee."

"Shahidi akilia, utafungua ukurasa wa ngapi?"

Alinipa daftari dogo, kalamu mbili na leso. Kalamu ya pili, alisema, ni kwa sababu ya kwanza hukauka wino shahidi anapofika kwenye jambo lenyewe. Leso ni ya shahidi, si yangu. Kisha akaniburutia kiti mpaka karibu na kizimba, akaniambia mkalimani haketi katikati ya pande mbili kama mwamuzi wa mpira, anaketi karibu na sikio la anayesema.

Kanuni iliyonitesa mwanzoni ni ile ya "mimi". Shahidi akisema "mimi", nawe useme "mimi", bila kuongeza "anasema kwamba". Shahidi wangu wa kwanza alikiri kung'oa mawe ya mpaka ya jirani yake. Nikasimama mbele ya watu, na ushungi wangu na sauti yangu nyembamba, nikatangaza kuwa mimi ndiye niliyeng'oa mawe, na nitayang'oa tena. Shangazi yangu alikuwa benchi la nyuma kwa shauri lake mwenyewe. Nasikia aliwahi nyumbani na habari hiyo kabla yangu.

Mzee Yohana hakunisifu mara nyingi, na aliponikosoa hakupandisha sauti. Alikuwa na msemo mmoja: "Neno la kwanza linalokujia ni la mdomo wako. La shahidi liko nyuma yake." Niliuandika kwenye daftari, nikadhani nimeuelewa. Alistaafu, nikakalia kiti chake, na kwa miaka mingi sikupata sababu ya kujua kwamba sikuuelewa.

Sababu ilikuja kutoka Mkonze, pembezoni mwa mji.

Wakati huo mji ulikuwa umeanza kutanuka kila upande. Mashamba ya mtama yakawa viwanja, na kila wiki tulipokea mashauri ya mipaka. Kampuni moja ya kupima viwanja ilikuwa imenunua eneo kutoka kwa wanaume wa ukoo mmoja, kwa halali na kwa maandishi. Katika eneo lile kulikuwa na kichaka kizito kilichozungukwa na miamba. Katapila lilipokisogelea, mwanamke mzee alitoka nyumbani kwake akaenda kuketi mbele yake. Ndivyo Bibi Chilewa alivyofika barazani, na viatu vya plastiki na fimbo, kuwashtaki kampuni na watoto wa shemeji yake waliouza, kwa pamoja.

Kiswahili alikijua cha sokoni tu, akaomba aseme kwa lugha yake. Nikaapa kutafsiri kwa ukweli, nikaketi karibu na sikio lake. Wakili wa kampuni alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia shikamoo kwanza, kisha akaanza.

"Bibi, ndani ya kichaka hicho kuna nini?"

"Watoto," akasema. Nikasema, "Watoto."

Akaeleza. Katika ukoo alioolewa, mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina hakuzikwa uani na hakuliliwa msibani. Alipelekwa ndani ya kichaka kile na bibi mmoja, mzee, ambaye hana wa kwake mle. Mama wa mtoto haingii. Mwanaume haingii, wala haambiwi kilichomo, ndiyo maana vijana wale waliuza bila kujua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni muzilo."

Nami, haraka kama mtu anayefukuza nzi, nikasema: "Ni mwiko."

"Wewe una watoto mle?" wakili akauliza.

"Wawili."

"Umewahi kuingia?"

"Sijawahi."

"Umewahi kuona kaburi hata moja, kwa macho yako?"

"Sijawahi."

Wakili akamgeukia mwenyekiti wa baraza. "Mheshimiwa, shahidi mwenyewe amesema ni mwiko, na makaburi hajayaona. Mwiko ni jambo la mila, na mila ina njia ya kuondoa mwiko. Mteja wangu yuko tayari kuwapa muda wafanye tambiko lao, kisha kazi iendelee."

Ilinibidi nimtafsirie Bibi Chilewa maneno hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Nani amesema jambo hili linaondolewa?"

Nilitafsiri swali lake, kwa sababu ndiyo kazi. Lakini jibu nililijua kabla swali halijatoka mdomoni mwangu. Bibi hakusema hivyo. Wakili alilipata kwangu. Nilikuwa nimemkabidhi jembe likiwa na mpini wake.

Shauri likaahirishwa kwa wiki moja. Alasiri ile nikapanda bodaboda mpaka Nkuhungu, nyumbani kwa Mzee Yohana. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Nilimkuta sebuleni akichambua zabibu kwa vidole, mbovu huku, nzima huku, bila kukosea. Nikamweleza yote, bila majina.

"Muzilo ni mwiko kweli," nikajitetea. "Ukoo huu hauli figo, ule hauli nyama ya kondoo. Wote wanaita hivyo."

"Alipolisema, alifanya nini?"

Ilibidi nifikiri. "Aliilaza fimbo yake sakafuni."

"Mtu anayekwambia hali figo halazi fimbo chini."

Mkewe akaleta uji, tukanywa. Ndipo nikamwambia neno nililokuwa nalo njiani kote: patakatifu.

Hakulirukia. Alisema amelitumia neno takatifu maisha yake yote, maelfu ya mara, tangu alipokuwa mwalimu wa dini. Aliwafundisha watu kwamba limetoka kwenye kutakata, kuwa safi bila doa. Siku moja mama mmoja alinyoosha mkono darasani akamuuliza, "Kama sahani iliyosuuzwa, mwalimu?" Alimpitia juu juu, akaendelea na somo. "Lakini swali lile limenifuata," akasema. "Sahani iliyosuuzwa unaitumia. Mungu humfanyi hivyo."

Nikamwambia kwetu kitabu tunakiita kitukufu, na mwezi wa mfungo tunauita mtukufu, neno linalotokana na kutukuka, kuwa juu.

"Nyinyi mmetazama juu, sisi tumetazama doa," akasema. "Sasa huyo bibi, akitaja mahali pake, anatazama wapi?"

"Hatazami. Anainamisha macho."

Vidole vyake vikaacha zabibu. Kisha akasema kwamba katika hekalu la zamani, lile alilolifundisha kwa picha ukutani, kilikuwapo chumba cha ndani ambacho watu hawakuingia, na katika Kiswahili chetu chumba hicho ndicho kilichoitwa patakatifu pa patakatifu. Watu hawakukaa nje kwa kuogopa uchafu. Kilichokuwa mle hakikuwa chao. "Nimelifundisha hilo," akasema, "na sikulisikia mpaka leo, kutoka kwa bibi asiyejua hata mlango wa kanisa."

Aliponisindikiza mlangoni alinionya. "Usimpelekee bibi neno lako zuri. Omba aulizwe. Na ujue ili kurekebisha lazima useme nimekosea, nalo litaandikwa."

Ndugu zangu, hakuna anayefundishwa kusema hivyo. Siku ya shauri ikafika. Nilisimama kabla wakili hajaanza.

"Mheshimiwa, naomba kusahihisha tafsiri yangu ya wiki iliyopita. Nilisema mwiko. Nilikosea. Neno alilotumia shahidi, kwa namna alivyolitumia, ninaamini liko karibu zaidi na patakatifu. Naomba aulizwe mwenyewe."

Karani akaacha kuandika, akanitazama, akaandika. Wakili akasimama, na sikumlaumu.

"Napinga, mheshimiwa. Takatifu ni neno la kanisani na msikitini. Shahidi ni mtu wa mila. Mkalimani anampamba."

Mwenyekiti alivua miwani. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Basi tumuulize. Bibi, watu wa ukoo wakifanya tambiko, wataweza kuingia mle?"

"Hawataweza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si pa kwetu."

"Ni pa nani?"

Bibi Chilewa alifikiri. "Sijui. Tulipowapeleka pale tuliwaachia. Ukiacha kitu namna hiyo huendi kukitazama kama kipo. Ukienda, hukuacha."

Nilitafsiri neno kwa neno. Wakili akauliza, kwa upole, baraza litajuaje kuna kitu mle ikiwa hata shahidi hajaona. Mwenyekiti akasema baraza litakwenda kuona. Lakini kwanza akamtaka Bibi Chilewa aeleze kilichomo, yote anayoyajua, yaandikwe kabla mtu hajaingia.

Akaeleza alivyoambiwa na mama mkwe wake, aliyewabeba wanawe hao wawili kuwapeleka mle. Kuna miamba miwili, unapita kati yake ubavu. Mkono wa kushoto kuna jiwe bapa. Nyuma yake kuna vyungu vidogo vilivyopinduliwa mdomo chini, kila kimoja juu ya jiwe lake, safu kwa safu. Mwisho wa safu ya pili kuna jiwe jeupe, na karibu yake vyungu viwili vinavyogusana. Hao ni wa kwake. Alitaja haya kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Karani akajaza ukurasa.

Tulikwenda Mkonze siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, magari mawili. Katapila lilikuwa limesimama pale pale, na vigingi vya zege vilipangwa kwa mistari mpaka ukingoni mwa kichaka. Bibi Chilewa alitangulia na fimbo yake, kisha akasimama. Mahali aliposimama hapakuwa na uzio wala alama. Ardhi ilikuwa ileile mbele na nyuma yake. Lakini sisi sote tulisimama naye, wakili, dereva, mwenyekiti, na hakuna aliyetuambia.

Miongoni mwa wajumbe wa baraza alikuwapo Mama Felista, mwalimu mstaafu mwenye wajukuu. Mwenyekiti akamwomba aingie yeye. Mimi niliombwa nifuatane naye ili maelekezo ya Bibi Chilewa yatufikie. Wakili hakupinga, aliomba tu tubebe ukurasa wa karani. Bibi akatuuliza kila mmoja kama ana wa kwake mle. Hatukuwa nao. "Vueni viatu," akasema.

Miamba ilikuwa miwili. Tulipita ubavu. Ndani kulikuwa na ubaridi ambao sikuutarajia, na kelele ya barabara ilikatika kama mlango umefungwa. Kushoto kulikuwa na jiwe bapa. Mama Felista alikuwa mbele. Alipozunguka jiwe lile alisimama, akaweka mkono kifuani.

Vilikuwapo. Vyungu vidogo, vingine havizidi ngumi, mdomo chini, kila kimoja juu ya jiwe lake, safu nyuma ya safu mpaka gizani chini ya miti. Vingine vilikuwa vyeusi na vizee hata kuota ukungu. Mama Felista alianza kuhesabu kwa kidole, kwa kuwa ndilo tulilotumwa, kisha mkono wake ukashuka na hakuendelea. Miaka yote nimesikia watu wakiapa kwa vitabu. Mimi mwenyewe nimesali tangu utoto. Lakini mwili wangu ulikuwa haujawahi kujua, kabla ya akili, kwamba umefika mahali ambapo haupaswi kugusa kitu. Sikuogopa. Nilijiona mdogo sana, na nikafurahi kuwa mdogo. Sina namna nyingine ya kulisema.

Tulifuata safu ya pili. Mwisho wake kulikuwa na jiwe jeupe.

Ndipo sauti ikaja kutoka nje, nyembamba, ikipita juu ya miamba.

"Wapo?"

Mkalimani hana maneno yake. Nimewafundisha hivyo nanyi. Lakini swali lile halikuwa la mwenyekiti wala la wakili, na hapakuwa na mtu mwingine wa kulijibu. Nilimtazama Mama Felista, aliyekuwa hajui Kigogo, lakini aliitikia kwa kichwa.

"Wapo, bibi," nikasema kwa lugha yake. "Wawili. Wanagusana."

Sauti yake ikaja tena.

"Jua linawafikia?"

Nikatazama juu. Kati ya majani palikuwa na uwazi, na mwanga ulikuwa umeangukia jiwe jeupe na ubavu wa chungu kimoja.

"Linawafikia. La asubuhi."

"Swanu," akasema. Ni vema. Hakuuliza tena.

Tulipotoka alikuwa amesimama palepale, macho chini. Mama Felista alitoa taarifa yake kwa mwenyekiti kwa sentensi nne, akilinganisha na ukurasa wa karani, na sauti yake ya ualimu ilikatika katika sentensi ya tatu. Mwenyekiti akamuuliza wakili kama ana maswali kwetu.

"Sina, mheshimiwa," akasema yule kijana. Kisha akaongeza, "Na sina pingamizi tena kwa tafsiri iliyosahihishwa."

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Kichaka na miamba yake viliondolewa kwenye viwanja, na barabara iliyochorwa kupita katikati ikapindishwa. Katika ukurasa wa mwisho mwenyekiti aliandika patakatifu, bila alama za kunukuu. Nilimsomea Bibi Chilewa yote kwa lugha yake. Alishukuru, akauliza kama anaweza kuondoka sasa, maana ameacha kuku nje.

Mimi ndiye sikuweza kuondoka. Kwenye korido wanawake walikuwa wananisubiri. Baadhi niliwajua kuwa wake wa vijana waliouza eneo, wengine walikuwa wageni kwangu, wazee kwa watu wa makamo. Wa kwanza alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Wa kwangu yuko karibu na mzizi mkubwa. Ulimwona?" Wa pili alisema wa kwake ana chungu chenye mstari shingoni. Sikuwa nimewatazama. Sikutaka kumdanganya hata mmoja, nikawaambia nilichokiona: vyungu vyote vimekaa sawa, hakuna kilichoanguka, na ndani ni kimya. Walisikiliza kama watu wanaopewa maji. Wengine waliendelea kunitafuta hata baada ya miezi, sokoni, kituo cha basi, na mmoja alinikuta msibani.

Wa mwisho alinijia wiki niliyokuwa nakabidhi ofisi kwenu. Mama wa umri wangu, amevaa vizuri, aliyefanya kazi mjini maisha yake yote. Alifunga mlango nyuma yake. Hakuniuliza kama nilimwona wa kwake. Alisema kwa desturi yao mtoto yule hakupaswa kuwa na jina, lakini yeye alimpa, usiku uleule, kimyakimya, na hajamtamkia mtu hata mumewe.

Kisha akalitamka. Lilikuwa jina fupi, la Kigogo, na nilielewa maana yake. Nilimpa leso, nikaketi naye mpaka alipokuwa tayari kwenda, na jina lile sijalitafsiri kwa lugha yoyote.